Pita

Msimu wa kahawa ulikuwa wiki mbili mbele
na fanksheni zilikuwa mia moja arobaini na tatu,
zote za mkono wangu, hata moja haijajaribiwa.
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri, Moshi mjini,
dirisha likitazama bati la jirani
na suruali tatu za mtu zilizosahaulika kambani.

Kila jaribio huanza vilevile:
leta moduli, taja darasa, andaa, bomoa,
jina refu lililoungwa kwa vistari vya chini
kama mabehewa. Kazi ya kunakili,
na kunakili niliapa kuacha darasa la sita,
kwa mwalimu aliyetuandikisha mara hamsini
*Sitachelewa tena*,
na kesho yake tukachelewa wote.

Basi nikaandika skripti, mistari thelathini na minane,
ipite kwenye kila faili la Paitoni,
ichukue jina la fanksheni na vigezo vyake,
ishone jaribio: kichwa, mabega, viatu,
na tumboni neno moja, nitajaza baadaye:
pita.

Nikabonyeza. Chai haikuwahi kupoa.
Vitone vya kijani safu kwa safu,
kama miche ya mibuni kitaluni.
Makishe, mkuu wangu, akainama begani kwangu,
akahesabu kwa kidole, akachoka, akasema,
"Hii ni kazi ya mwezi."
Sikumwambia kuwa kijani kile
ni mlinzi anayesinzia getini,
kila gari analiambia: pita.

Wanasema debe tupu haliachi kutika.
Yangu yalikuwa matupu, na yalinyamaza
kwa adabu, kwa herufi ndogo.

Baadaye haikuja. Ikaja Julai,
ikaja simu ya Anaeli, karani wa mizani kule Uru:
"Dada, Mama Eliaichi kaleta masalia ya kihamba chake,
robo tatu ya kilo, kaifunga kwenye leso.
Mashine yako imetoa kilo moja ya gunia.
Gunia lipi? Stakabadhi inasema
anadaiwa shilingi elfu mbili.
Na mwenyewe
ameshaanza kufungua pindo la kitenge, anatafuta hela."

Nikafungua faili. Jaribio lake lilikuwepo.
*jaribu_toa_uzito_wa_gunia*, mstari wa mia tatu na sita.
Jina sahihi, vistari sahihi.
Nikateremka hadi tumboni.

Lugha hii imepewa jina la chatu,
na chatu humeza bila kutafuna.
Skripti yangu ilimeza msimbo mzima
ikaniachia gamba:
urefu uleule, madoa yaleyale,
ndani upepo.

Siilaumu. Niliiomba umbo.
Kwamba mtu anaweza kuja na chini ya kilo,
kwamba leso si gunia,
kwamba mama ataiamini karatasi
kuliko mkono wake uliochuma,
hayo hayakuandikwa kwenye jina la fanksheni yoyote.

Usiku ule nilifuta *pita* moja.
Nikaandika: uzito, sifuri nukta saba tano. Gunia, hakuna.
Tarajia: sifuri nukta saba tano.
Nikabonyeza, na katikati ya kijani
kikawaka kitone chekundu kimoja.
Nilikitazama muda mrefu kabla ya kukirekebisha.

Anaeli anasema elfu mbili ilirudishwa
lakini mama alisita kuipokea;
aliuliza kama karatasi imekubali.

Zimebaki mia moja arobaini na mbili.
Skripti ipo bado, siwezi kuishi bila hiyo,
nimeibadilisha neno moja tu:
palipokuwa na *pita* sasa inaandika *anguka*.
Asubuhi Makishe aliingia, akakuta skrini nzima nyekundu,
akauliza nani kaharibu mfumo.
Nikamsogezea kiti.